Sala haina msimu, lakini safari ya mgonjwa ina msimu

Kila masika yanapoanza, maswali ya aina moja huongezeka kliniki. “Daktari, tunakwenda kwenye maombezi, mtoto anaweza kusafiri?” “Nikifunga siku tatu, dawa ya presha ninywe saa ngapi?” Kwaresima na Pasaka huangukia wakati huu wa mvua, na ndipo mabasi hukodiwa kwenda vituo vya hija, mikesha, na hata kwa waganga waliovuma.

Imani yako sigusi. Ninachosema ni kwamba safari ya mgonjwa ni jambo la kitabibu. Mgonjwa akiwa mtoto mchanga, mjamzito aliyekaribia kujifungua, mtoto mwenye selimundu au mzee mwenye moyo dhaifu, na safari ikaweza kusubiri mpaka Juni, isubiri. Mungu aliyeko huko Aprili yuko pia Juni, na barabara itakuwa imekauka.

Ninyi wa Mvumi hamhitaji kuelezwa mvua inafanya nini. Nasema Mvumi ya Kilosa, siyo ile ya Dodoma yenye hospitali ya misheni. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Januari 2014 mafuriko yalipiga Magole na Dumila, daraja likaharibika na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ikakatika. Sasa fikiria umekwama upande wa pili na mtoto anayeharisha, au na mama ambaye insulini yake imebaki nyumbani.

Wengi mnakumbuka Loliondo. Mwaka 2011, kuanzia kabla ya masika na kuendelea hadi katikati yake, maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Watu walilala ndani ya magari na porini siku kadhaa, vyoo hakuna, maji safi ya shida. Makumi ya wagonjwa walifia njiani na kwenye foleni, wengine wakiwa wametolewa wodini na ndugu zao. Kikombe chenyewe watu walibishana sana juu yake. Foleni haikuwa na ubishi: kumtoa mgonjwa mahututi kitandani na kumweka siku nne kwenye gari, kwenye baridi na matope, ni hatari hata kama mwisho wa safari kuna hospitali kubwa kuliko zote.

Jambo la pili la Loliondo lilikuja baadaye, kimya kimya. Wapo waliorudi wakaacha ARV, dawa za kisukari na za kifua kikuu kwa kuamini wamepona. Ukiacha ARV, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, ingawa mwenyewe bado unajiona mzima. Ukiacha dawa za kifua kikuu katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Kama umeombewa na unaamini umepona, njoo tupime. Vipimo vikionyesha huhitaji dawa, sisi ndio tutakaokuambia uache.

Haya si ya kwetu peke yetu. Juni 2013, huko Kedarnath katika milima ya Himalaya nchini India, mvua kubwa ilikuta mahujaji wakiwa wengi milimani, na maelfu wakafa au kupotea. Baada ya hapo mahujaji walianza kuandikishwa kabla ya kupanda. Sala ziliendelea, kilichobadilika ni utaratibu wa safari.

Kama safari yako haiwezi kusubiri, fanya haya.

Beba dawa za siku zako zote za safari na za wiki mbili zaidi, kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti la basi. Kadi ya kliniki iwe pamoja nazo. Insulini iweke mahali pa baridi, mbali na jua na injini.

Mwenye kisukari anayetumia insulini asifunge kabla ya kuongea na daktari wake.

Beba maji yaliyochemshwa na pakiti za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitasaidia wakati unamkimbiza mtoto kituoni. Kuharisha maji kama ya mchele ni dharura. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache.

Mtoto wa selimundu avae nguo za joto, asilowe, anywe maji mara kwa mara. Baridi na kiu vinatosha kumletea maumivu makali.

Beba chandarua. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, pima malaria siku hiyohiyo.

Msivuke mto uliofurika. Maji ya magotini yakienda kasi humwangusha mtu mzima.

Na ninyi wachungaji, masheikh, mapadri na waandaaji wa safari: mnasikilizwa kuliko sisi madaktari. Mikutano mikubwa ya wagonjwa ipelekeni kiangazi. Kabla basi halijaondoka, ulizeni nani anatumia dawa na kama anazo. Mkiwa madhabahuni, semeni waziwazi kwamba anayeombewa aendelee kunywa dawa zake. Sentensi hiyo moja ikitoka kinywani mwenu, itaokoa watu ambao mimi siwafikii.