Kwanza Niambieni Nani Amebaki Ndani

Wajumbe wa bodi wakiniita niwasomee mkataba wa mifumo, karatasi ya kwanza wanayonisogezea ni ya bei. Mimi ni mhasibu wa vyama vya akiba na mikopo, bei napaswa kuipenda, lakini hiyo naiweka kando. Nauliza: mkishampa mkandarasi kazi yote ya Tehama, hapa ofisini atabaki nani anayeujua mfumo?

Mara nyingi wananicheka. Kijana wa Tehama ameshapunguzwa, na huo ndio unaoitwa unafuu. Tangu hapo mkandarasi akisema tatizo ni mtandao, basi ni mtandao. Akisema inatakiwa seva mpya, hundi inaandikwa.

Wanaodhani haya ni ya vyama vidogo waitazame TSB, benki ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamishia wateja wake kwenye mfumo uliojengwa na SABIS, kampuni ya Sabadell, benki ya Hispania iliyokuwa ikiimiliki TSB yenyewe wakati huo. Yaani mkandarasi alikuwa ndugu. Taarifa zilihama salama, ila huduma zikaanguka palepale. Watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na mambo hayakutengemaa kabisa hadi Desemba. Nyuma ya SABIS kulikuwa na kampuni nyingine 85 zilizotegemewa. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Mwaka uliofuata mmoja wa wasimamizi hao akamtoza aliyekuwa mkuu wa Tehama wa TSB pauni 81,620 kutoka mfukoni mwake, kwa kutojiridhisha vya kutosha kwamba SABIS ilikuwa tayari. Hiyo faini ndogo ndiyo ninayowasomea wajumbe, kwa sauti.

Sipingi kazi kupelekwa nje. Programu ya kwanza ya M-Pesa iliandikwa Cambridge, na wateja hawakujua wala kujali. Lakini kwenye majaribio ya mwaka 2005 nchini Kenya, watu wa mradi walikuwa karibu na watumiaji. Huduma ilikusudiwa kulipia mikopo midogo. Wao wakaona wakopaji wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Mwandishi wa programu aliyekaa Cambridge angelijuaje hilo bila wa kumwambia?

Kwa hiyo nina kipengele ninachokidai kabla ya sahihi yoyote: mfanyakazi wa chama, bila mkandarasi chumbani, aweze kurudisha taarifa zote kutoka kwenye nakala ya akiba, na nywila kuu ziwe mikononi mwa chama. Mkandarasi mmoja alisema kwa sharti hilo bei yake itapanda. Niliwaambia wajumbe wamlipe, kisha wamwajiri tena yule kijana.