Tu-move on kwenda wapi?

Mwezi uliopita, kwenye semina yetu ya uzamili, mwenzetu mmoja alisema Kiswahili hakina neno la "move on". Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikanyoosha mkono. Aliyekuwa anaongoza akatazama saa, akatabasamu, akasema, "Jamani muda. Tu-move on." Tukaenda kwenye mada iliyofuata, mkono wangu ukiwa bado juu.

Kwa hiyo ninajibu hapa, ambapo hakuna wa kutazama saa.

Mtu akiniambia "nime-move on", huwa sijui ameniambia nini. Amesamehe? Amesahau? Amezoea? Amekata tamaa? Amepata mwingine? Kiswahili kina neno kwa kila moja ya hayo, na kinakudai uchague. Kisichokuwa nacho ni blanketi moja la kuyafunika yote, na sioni kwa nini hilo liitwe umaskini. Siku hizi rafiki akifiwa tunamtumia ujumbe: "Stay strong, uta-move on." Bibi yangu, aliyezaliwa na kuzeekea huku Ufipa, humwambia mfiwa, "Pole mwanangu, utazoea." Hajamwahidi kwamba maumivu yatabaki nyuma kama kituo cha basi. Amemwambia atajifunza kuishi nayo.

Najua nitatupiwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sawa. Hata mimi nimeshawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyenikosea, na haikunipendeza. Lakini angalau methali hiyo ina kuganga ndani yake, na ina "tu". Anayeitamka amejiweka kwenye kundi la watakaofanya kazi ya tiba. "Move on" huambiwa mtu mmoja, ajitegemee.

Sina ugomvi na Kiingereza chenyewe. Vitenzi vyake hivi vya maneno mawili vina ufundi. "She went on talking" na "she went on to talk" vinatofautiana kwa kitu kidogo sana, lakini ni habari mbili. Wa kwanza alikuwa anaongea na hakunyamaza. Wa pili alimaliza jambo jingine, kisha ndipo akaongea. Mzungumzaji wa Kiswahili anayo tofauti hiyohiyo tangu utotoni: aliendelea kuongea, akaongea. Ile "ka" peke yake inatosha. Na "ka" ina tabia ninayoipenda: hukuonyesha kwamba kuna jambo lililotangulia. Ukisikia "akaondoka" bila chochote mbele yake, utauliza, baada ya nini? Yaliyotangulia hayaachwi, yanavutwa.

Tofauti hii ingeweza kuelezwa darasani kwa dakika mbili. Sisi hatukuelezwa.

Nilisoma sekondari Sumbawanga, shule ya kata, na jina lake si muhimu. Mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa na kibao, "No English, No Service", kama vile vilivyobandikwa kwenye shule nyingi nchini. Ukiwa na homa na hujui kuisema homa kwa Kiingereza, unaondoka na homa yako. Tulikuwa tumetoka shule ya msingi ambako kila kitu, hesabu, sayansi, historia, tulikisoma kwa Kiswahili. Baada ya wiki chache za kufundishwa Kiingereza, masomo yakabadilika lugha, na sisi tukatakiwa tuwe tumebadilika nayo.

Siku moja kwenye somo la baiolojia, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alisimama kuuliza swali. Mada ilikuwa malaria na maisha ya mbu. Alianza, "Sir, the larva..." akakwama. Alitafuta neno, halikuja. Mwalimu, na nataka niwe mkweli kwamba hakuwa mkali, akampungia mkono kumtia moyo. Akasema, "Go on."

Rafiki yangu alijua "go". Sote tuliijua "go". Akachukua daftari lake, akaenda zake hadi mlangoni, akatoka nje.

Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, na naapa sikuwa najua kosa lake ni lipi. Nilicheka kwa sababu waliokaa mbele walicheka. Mwalimu akamwita, akamwambia akae, naye akakaa. Kisha likaja lile neno lingine: "Okay class, let us move on."

Hakuuliza tena swali lolote, siku hiyo wala mwaka huo. Kiswahili chetu cha shule kina kitenzi kukariri, chenye maana mbili: kumeza maneno bila kuyaelewa, na kurudia darasa. Alifanya yote mawili, kwa mpangilio huohuo. Mtihani wa kidato cha pili ulimrudisha, akakariri mwaka, akaacha. Mimi nilikariri kwa maana ya kwanza tu, nikapita. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu, na watu wa nyumbani huiita akili.

Kitu kinachonikera zaidi kuliko kibao ni hiki. Tulifundishwa "go on", "carry on", "move on", "go ahead", "get on with it". Vyote vinasukuma mbele. Hakuna aliyetufundisha "hold on". Hakuna aliyetufundisha kusema "can we go back". Maneno ya kuondoka yalikuwa ya mwalimu, na maneno ya kusimamisha safari hayakuwa ya mtu yeyote. Mtu anaweza kunijibu kwamba hata "tuendelee" huficha wasioelewa, na ni kweli. Ila mwalimu akisema "tuendelee" mbele ya watoto wa Ufipa, atakuwepo angalau mmoja wa kusema, "Subiri kwanza mwalimu, hapo sijaelewa." Lugha unayoweza kuijibu si sawa na lugha unayoweza kuitii tu.

Nchi nayo inaijua sana hii "move on". Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo likakataliwa, tukaendelea. Sera ya elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Utekelezaji haukufika madarasani, tukaendelea. Toleo la 2023 la sera hiyohiyo likaibakiza sekondari kwenye Kiingereza. Kila mara tunaambiwa mjadala umepitwa na wakati, na wanaosema hivyo ni watu ambao watoto wao walianza Kiingereza chekechea. Mimi nataka Kiingereza kifundishwe vizuri, kama somo, na mwalimu aliyepewa muda wa kueleza. Sitaki kiwe mlango ambao mtoto anatokea nje akidhani ameamriwa.

Julai hii nilirudi nyumbani. Upepo wa baridi wa Sumbawanga ulikuwa umeshika, sokoni watu wamejifunga vitenge hadi masikioni. Rafiki yangu anauza migebuka na dagaa. Alinipa ndoo nigeuze kuwa kigoda, akaniuliza "Eti msomi, na huko mnasoma mpaka lini?" Tukaongea mengi, watoto wake, bei ya mahindi. Mwishowe nikamuuliza kitu kilichonikaa tangu semina ile. Siku ile ya baiolojia, alitaka kuuliza nini?

Hakufikiria hata kidogo.

"Mwalimu alisema larva moves on to the next stage," akasema, Kiingereza kikitoka bila kukwama. "Mimi steji niliyoijua ni ile ya wanamuziki. Nikawa najiuliza, huyu mdudu anapanda jukwaani kufanya nini?"

Nikamwambia, stage pale ni hatua. Anaingia hatua inayofuata.

"Hatua?" Alikuwa anamfungia mteja samaki kwenye gazeti, mikono ikasimama. "Hatua zile za yai, lava, pupa, mbu kamili?"

"Ndiyo hizo."

"Si tulishazisoma shule ya msingi! Mimi nilikuwa nazijua zote!"