Kadi kwa mikono miwili

Mwandishi, makala yako ya adabu za kikazi Japani umewaandikia mameneja wa Nairobi tu. Huku Kimumu, kwenye barabara ya Iten, anayekwenda Japani kikazi kwa mara ya kwanza mara nyingi ni mkimbiaji, kijana aliyeajiriwa na timu ya kampuni. Njia hiyo ni ya zamani: Douglas Wakiihuri alihamia huko 1983, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma 1987. Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai, akaajiriwa Toyota Kyushu, kisha ikaja dhahabu ya Beijing 2008.

Kijana wa aina hii atakabidhiwa kadi ya biashara na wakubwa wa kampuni. Aipokee kwa mikono miwili, aisome, aiweke mezani mbele yake. Akiisukumia mfuko wa nyuma wa suruali, ataikalia kadi ya mkubwa wake mbele ya macho ya watu! Mwenyeji akiinama, naye ainame. Zile salamu zetu za kushikana mikono mpaka habari za ng'ombe ziishe aziache uwanja wa ndege. Saa ndilo jambo kubwa. Mazoezi yakiwa saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa hiyo wenzake wameshafunga viatu, wanamngoja yeye.

Kuhusu zawadi nakupinga kidogo. Si lazima kiwe kinyago cha bei kubwa, kama ulivyoshauri. Pakiti za chai ya Nandi zinazotosha ofisi nzima zinapendeza zaidi, maana desturi ya Wajapani ni msafiri kuleta kitu cha kugawana. Na bakshishi mgahawani asiache, mhudumu anaweza kumkimbiza mpaka barabarani amrudishie.