Kapigwa eksirei, kumbe mjamzito!

Wiki hii nilitaka niendelee na yale ya viatu virefu na maumivu ya mgongo. Lakini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mlango wangu ukagongwa kama vile nyumba inaungua.

Kufungua, namkuta jirani yangu, dada wa miaka 23 anayesuka nywele saluni hapa hapa mtaani kwetu Sinza. Macho mekundu, sauti imekauka. "Kaka, nikopeshe hela, nitakurudishia mwisho wa mwezi." Za nini? Kimya. Nikamkalisha, nikabandika chai, ndipo akafunguka.

Mkasa wenyewe ni huu. Alikohoa mwezi mzima. Daktari, kwa busara kabisa, akataka apimwe makohozi na apigwe eksirei ya kifua. Mapafu safi. Baada ya wiki mbili siku zake hazikuja, kapima mkojo, mistari miwili! Kule saluni, mabingwa wasio na vyeti wakamwambia mtoto aliyepigwa eksirei tumboni huzaliwa hana viungo, kwa hiyo aitoe mapema. Tena kuna mtu wa chumba cha uani keshaahidi kuifanya kazi hiyo kesho yake. Hela aliyokuja kukopa ndiyo hiyo.

Sikumpa. Nilimpa chai na hesabu.

Kila mmoja wetu, hata asiyewahi kukanyaga hospitali, anapata mionzi kila siku kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa wastani wa dunia ni kama milisiviti 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua ni kama 0.1 au chini yake. Yaani ni sawa na kuishi tu siku kumi hadi kumi na tano. Halafu miale yenyewe imeelekezwa kifuani, siyo tumboni. Kinachomfikia mtoto ni chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja. Sasa sikia: Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishasema mwaka 2000 kwamba mionzi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto aliye tumboni siyo sababu ya kutoa mimba. Ili kufika huko, jirani yangu angehitaji eksirei za kifua zaidi ya elfu kumi. Kapigwa moja!

Chumba cha uani ndicho kingemuua, siyo eksirei.

Hapo akanywa chai. Nikamuuliza, hivi pale hospitali hawakukuuliza kama una mimba? Akatazama chini. Waliuliza, tena mlangoni kwa sauti, na shangazi yake amesimama pembeni. Ungejibuje wewe? Akasema hapana.

Wenye hospitali, swali hilo linaulizwa faragha jamani. Na wewe dada, shangazi anaweza kuombwa akanunue maji. Mwambie mpigaji picha siku zako zilikuja lini mara ya mwisho, hata kama huna uhakika. Hatakufukuza. Kama kipimo ni cha lazima, kitafanyika kwa tahadhari, maana kifua kikuu kisichojulikana ni hatari kwa mama na mtoto pia.

Swali hilo lina uzito zaidi kwenye siti skani. Ile ni eksirei inayokuzunguka na kukukata vipande kwa picha, kama mkate. Aliyeibuni, Mwingereza Godfrey Hounsfield, alikuwa fundi wa EMI, kampuni ile ile iliyouza santuri za Beatles. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, na mwaka 1979 Hounsfield akapewa Nobel. Mashine ya maana sana kwa aliyegongwa na bodaboda kichwani. Lakini siti skani ya tumbo inaweza kufika milisiviti 8, mionzi ya kawaida ya zaidi ya miaka mitatu. Kwa hiyo wewe unayeumwa kichwa kila Jumatatu baada ya Jumapili ya baa, usimng'ang'anie daktari akupige siti skani ili utambe kazini. Kipimo kikubwa hakimaanishi kipimo bora.

Kabla ya siti skani unaweza kuchomwa dawa yenye madini joto ili picha ionekane vizuri. Mwili utasikia joto ghafla, na wengine hudhani wamejikojolea. Usiogope. Ila kama una ugonjwa wa figo, unameza metformin ya kisukari, au uliwahi kudhurika na dawa hiyo, sema kabla ya sindano.

Altrasaundi haina mionzi kabisa. Ni sauti tusiyoisikia inayotumwa mwilini na kurudi kama mwangwi. Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow walionyesha mwaka 1958 kwamba mtoto anaweza kuonekana hivyo. Ukiambiwa unywe maji ubane mkojo, bana kweli, kibofu kilichojaa ndicho dirisha. Hewa ndiyo adui yake, ndiyo maana wanakupaka ule ute wa baridi. Na tafadhali usilipie altrasaundi kutafuta vidonda vya tumbo. Hivyo hutazamwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kooni.

MRI nayo haina mionzi, inatumia sumaku. Lakini sumaku yenyewe haizimwi, iwe inapiga kelele au imenyamaza. Funguo, chupi zenye nyuzi za chuma, pini za wigi, vyote vinabaki nje. Mwenye betri ya moyo aseme. Na nyie mafundi wa kuchomelea, kama chembe ya chuma iliwahi kukuingia jichoni, sema hata kama ni zamani, maana ile sumaku inaweza kuisogeza. Utalala kwenye tundu hilo dakika ishirini hadi arobaini na tano, na kelele zake kama karakana ya Gerezani. Omba vizibo vya masikio.

Ukimaliza, dai picha na majibu yaliyoandikwa. Ni vyako, umelipia. Nenda navyo kila hospitali, vinginevyo unaweza kupigwa upya kitu kile kile. Ile filamu siyo pazia la choo, wala siyo miwani ya kutazamia jua likipatwa. Na kama mashine unaitilia shaka, uliza kama ina leseni. Tume ya Nguvu za Atomiki ipo kwa sheria ya mwaka 2003, na kukagua mashine hizo ni kazi yake.

Jirani yangu hakwenda uani. Alhamisi kaenda kliniki, na shangazi kaambiwa kila kitu njiani, ndani ya daladala! Nasikia kulikuwa na kilio hadi Manzese. Walipofika kwenye altrasaundi, shangazi mwenyewe akasema, "Ingia mwanangu, mimi nakusubiri hapa kwenye benchi."