Oili Nzito Haiponyi Injini
Fundi wa gereji ya uchochoroni atakwambia kwamba Toyota IST yako, kwa joto hili la Dar es Salaam, inataka 20W-50, oili nzito “inayokaa”. Usikubali upesi. Namba yenye W huonyesha wepesi wa oili injini ikiwa ya baridi. Ya pili hutokana na kipimo cha nyuzi 100, na injini ikishapata moto, ya Dar na ya Tokyo hukaribiana joto, maana anayeamua ni thamostati, si jua la Kariakoo. Halafu VVT-i, mfumo wa injini hiyo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika huko asubuhi unapowasha, wakati ambao vyuma husagana kirahisi. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, sawa, lakini 5W-30 inasomeka hata kwa asiyejua Kijapani. Kwenye galoni tafuta pia alama ya ubora ya API. Daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, limelipita la SN. Na gari linalokula oili mara nyingi limechoka ringi za pistoni au sili za valvu: oili nzito italificha tatizo hilo mpaka utakapompata mnunuzi, ambaye pengine ndiye wewe uliyeuziwa jana.