Kiswahili Si Kichaka

Kila baada ya muda hutufikia khabari ya furaha: chuo kikuu kingine huko ng'ambo kimeanza kufundisha Kiswahili. Khabari hiyo husomwa redioni, hupigiwa makofi makongamanoni, nasi watunzi huitia katika beti zetu iwe ushahidi kwamba lugha ya mama imevuka bahari. Mimi mwenyewe nimeshawahi kufanya hivyo, na leo naandika kutubu. Kwani iko pahala lugha yetu ilivuka bahari ikageuzwa kichaka cha kuwafichia wachezaji mpira ambao chuo chao hakikuwa na nia ya kuwasomesha. Sisi tuliokuwa tukihesabu vyuo hatukuuliza kinachotendeka ndani ya madarasa yake.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha North Carolina, katika mji wa Chapel Hill, Marekani. Si chuo cha uchochoroni hicho. Kilifungua milango mwaka 1795, na ndicho cha mwanzo kupokea wanafunzi miongoni mwa vyuo vikuu vya umma vya nchi ile. Mwezi wa Oktoba 2014 ilitolewa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Kenneth Wainstein. Ripoti ilieleza kwamba kwa muda wa miaka 18, tangu 1993 hadi 2011, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitishwa katika masomo ya uongo ya idara ya taaluma za Afrika na Wamarekani Weusi. Mengi ya masomo hayo hayakuwa na kipindi wala mwalimu. Mwanafunzi alitakiwa aandike insha moja tu, na insha nyingi zilipokewa na kutiwa alama na karani wa idara, aliyetoa alama za juu bila ya kupima kilichoandikwa. Karibu nusu ya nafasi za masomo yale zilijazwa na wanamichezo, hali ya kuwa wanamichezo ni sehemu ndogo sana ya wanafunzi wa chuo kile.

Na ndani ya orodha ya masomo hayo limo somo la Kiswahili.

Limejulikanaje? Hapo ndipo kisa kinapochoma. Mchezaji mmoja wa timu ya chuo alizuiwa kucheza mwaka 2010 kwa kusaidiwa na mkufunzi kupita kiasi. Mwaka 2011 akaenda mahakamani kudai arejeshwe uwanjani, na insha iliyomletea matatizo ikaingizwa katika majalada ya kesi. Ilikuwa insha ya somo la Kiswahili, imeandikwa kwa Kiingereza, nayo yazungumzia utamaduni wa Waswahili wa pwani ya Afrika Mashariki. Mashabiki wa chuo jirani, mahasimu wa jadi, wakaichukua wakaisoma mstari kwa mstari, wakagundua kwamba vipande vizima vimenyakuliwa kutoka maandishi ya watu wengine. Tazama ajabu hii, ndugu msomaji. Insha kuhusu wewe na mimi, kuhusu miji yetu na mila zetu, ilipita mikononi mwa chuo kikuu bila ya kusomwa. Ilipopata msomaji makini, alikuwa shabiki wa timu pinzani, na kilichomsukuma kuisoma kilikuwa ni kiu ya kumwona hasimu wake ameaibika. Mswahili hakumkusudia kwa jema wala kwa baya.

Simlaumu kijana yule. Mwaka 2014 alikishtaki chuo chake kwamba kilimwahidi elimu na hakikumpa. Mimi ni mtu niliyekosa chuo. Kiingereza nilijifunza kwa kuibandika kurasa kwa kurasa kamusi ya Johnson, ile ya 1939, iliyokuwa imekwisha jalada nilipoipata. Hadi leo neno moja katika tafsiri laweza kuniweka macho wiki nzima. Kwa hivyo najua thamani ya kitu alichonyimwa. Mimi mlango sikufunguliwa. Yeye alifunguliwa, akaingizwa, kisha akapitishwa uani, akatolewa upande wa pili akiwa na karatasi mkononi. Sijui ni nani kati yetu aliyedhulumiwa zaidi.

Sasa tuuulize mti uliozaa tunda hili. Mpira wanaocheza kule si huu wa kwetu. Ni ule wa tunda refu lililochongoka pande mbili, unaoshikwa mikononi na kukimbizwa zaidi kuliko kupigwa teke, na wachezaji wake huvaa kofia ngumu kama wendao vitani. Mchezo wa kwanza baina ya vyuo viwili ulichezwa mwaka 1869, Rutgers na Princeton, nao ulikuwa mchezo wa wanafunzi kwa wanafunzi. Tazama ulipofikia leo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu 107,601. Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam, tunaouona mkubwa, huchukua 60,000. Jumamosi za Septemba hadi Novemba watu huwasili tangu asubuhi, huchoma nyama pembeni mwa magari yao, wamevaa rangi za chuo ambacho wengi wao hawakukisoma hata siku moja. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni kocha. Si gavana, wala si daktari wa hospitali ya chuo. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwachisha kazi kocha wake kabla ya mkataba kwisha, na deni la kumwachisha tu lilipindukia dola milioni 75. Hizo ni fedha za mtu *kutofanya* kazi.

Nitaambiwa: wewe hupendi mpira. Si kweli. Nimekulia katika Malindi na Mlandege, na nyumbani kwangu Simba na Yanga hawakai meza moja siku ya mechi. Ushabiki siuonei haya. Lakini Simba na Yanga hazitoi shahada. Kocha wao akishindwa, haathiriki mwalimu wa hisabati; mfungaji wao akitoroka mazoezini, hapana karani wa kumtilia alama ya Kiswahili. Ugomvi wangu si na mpira, bali na chuo kilichoufunga mpira kiunoni mwake kwa fundo lisilofunguka. Anayetaka timu ishinde kila Jumamosi lazima awe na wachezaji bora. Wachezaji bora hufanya mazoezi na kusafiri hata wasibakiwe na saa ya kusoma. Na asiyesoma, kwa sheria za mchezo wenyewe, haruhusiwi kucheza. Basi hapo hutafutwa njia ya mtu kuonekana amesoma bila ya kusoma. Kichaka lazima kipatikane. Karani wa idara ya Chapel Hill alipostaafu mwaka 2009, washauri wa masomo waliwakusanya makocha wa mpira wakawaonya kwamba yale masomo yasiyomlazimisha mchezaji kuhudhuria, wala kuandika, wala hata kukaa macho, yamekwisha. Tafakari: chuo kinaomboleza kifo cha somo la uongo, na wafiwa ni makocha.

Na kwa nini kichaka kiwe Afrika? Kwa nini kiwe Kiswahili? Sidai kwamba watu waliketi kikao wakachagua kutudhalilisha. Ripoti yenyewe yasema karani yule aliwahurumia wanafunzi waliokuwa wakihangaika. Lakini mwizi haingii nyumba yenye mbwa. Huruma ile haikupata njia kupitia fizikia, wala kupitia Kilatini, kwa sababu huko wapo walinzi, na mtu angeuliza. Ilipita pale ambapo wakubwa wa chuo hawakuona cha kulinda. Mwanafunzi aliweza kupasi somo la Kiswahili pasipo kutamka "hujambo", na wenye chuo hawakushtuka, kwa kuwa kwao Kiswahili ni kitu ambacho mtu aweza kukijua bila ya kujifunza. Hii ndiyo dharau yenyewe. Haina matusi wala kelele. Na walimu wa kweli wa Kiswahili, waliokuwa wakifundisha vipindi vya kweli katika chuo kile kile, wakapakwa tope wasilolichota.

Mwaka 2017 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilitoa uamuzi wake: hakina adhabu ya kukipa chuo, kwa kuwa masomo yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si kwa wanamichezo peke yao. Yaani dhulma ikigawiwa kwa wengi huwa halali. Chama hichi hichi ndicho kilichobuni neno ambalo mimi mfasiri limenisumbua sana: "mwanafunzi-mwanamichezo". Nililiona ni neno safi, mpaka nilipojua nasaba yake. Walter Byers, aliyekuwa mkuu wa chama kwa miaka mingi, alikiri katika kitabu chake cha 1995 kwamba neno hilo lilitungwa ili mchezaji aliyeumia asihesabiwe mfanyakazi wala asidai fidia. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo la Colorado ilimnyima fidia mjane wa mchezaji wa chuo kimoja aliyekufa kwa jeraha la kichwa. Mfasiri huambiwa atafute maana ya neno. Hapa maana ya neno ni kumnyima mjane haki yake.

Kuna hoja mbili za upande wa pili, nazo sitaki kuzikwepa. Ya kwanza: mpira umewafungulia vyuo vijana maskini, wengi wao weusi, ambao pengine wasingevikanyaga. Ni kweli wapo waliosoma wakafaidika, na heshima ni yao. Lakini mlango unaofunguliwa kwa sharti la kutosoma si mlango wa chuo. Ya pili: mambo yamebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na mwezi wa Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Nafurahi kwamba mwenye jasho sasa analipwa. Lakini ujira ni malipo ya jasho, haurejeshi somo. Na kadiri fedha zinavyopanda, ndivyo hamu ya kushinda inavyopanda nayo, na kichaka kitatafutwa pengine.

Wala asiniambie mtu kwamba hapana njia nyingine. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa miongoni mwa vigogo vya mpira huu. Mwaka 1935 mchezaji wake, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kabisa kupewa tuzo inayoitwa Heisman, ambayo hadi leo ndiyo kubwa kuliko zote. Miaka minne baadaye, 1939, rais wa chuo, Robert Maynard Hutchins, aliifuta timu. Chuo hakikufa. Chini ya majukwaa ya uwanja uliobaki mtupu, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha moto wa atomu uliobadili historia ya dunia, kwa kheri na kwa shari. Uwanja ukaja kubomolewa, na pahala pake pakajengwa maktaba kubwa iliyofunguliwa 1970. Mpira ulirejea chuoni hapo baadaye, lakini umerejea kama mchezo, na wanafunzi huucheza wakitoka kusoma.

Maktaba juu ya uwanja: Mswahili hana haja ya kufafanuliwa. Katika lugha ya kale "chuo" ni kitabu. Utenzi mkongwe wa Tambuka, ambao nakala yake ya 1728 ingalipo, huitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu chake. Mwanachuoni ni mtu wa kitabu. Sisi tulikipa kitabu na pahala pa kukisomea jina moja, kwa kuwa hatukuona kama viwili hivyo vyaweza kutengana. Pahala pasipo kitabu, hata pawe na uwanja wa watu laki moja, kwa Kiswahili si chuo.

Basi narejea kwetu. Tumezoea kuulizana Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vingapi. Tuache kuhesabu, tuanze kuuliza. Anafundisha nani? Kwa saa ngapi kwa wiki? Mtihani ni wa lugha gani, na nani anausahihisha? Mwanafunzi akimaliza, aweza kuusoma ubeti mmoja wa Muyaka akauelewa? Wizara zetu, mabaraza yetu ya lugha na vyama vyetu vya washairi vina haki ya kuuliza haya kabla ya kupeleka salamu za pongezi, na chuo chenye nia safi kitafurahi kuulizwa. Kule Chapel Hill miaka 18 ilipita bila ya swali hata moja kutoka pwani hii. Lugha isiyoulizwa na wenyewe, wageni wataifanyia nini isipokuwa kujificha ndani yake?