Kache si Kikapu cha Mchuma Chai

Ukimwuliza mwanafunzi wa somo la tarakilishi katika sekondari zetu za Kericho na Bomet kache ni nini, atakujibu bila kusita: ni kumbukumbu ndogo yenye kasi, iliyo kati ya prosesa na kumbukumbu kuu. Jibu ni sahihi na litampa alama. Lakini mwulize kitu kidogo hivyo kinawezaje kuharakisha mashine nzima, naye ataduwaa.

Lawama si yake pekee. Baadhi yetu walimu, kwa nia njema ya kutumia mifano ya nyumbani, husema kache ni kama kikapu kilicho mgongoni mwa mchuma chai. Mfano huo unapendeza, lakini unapotosha. Majani yakishatiwa kikapuni huenda kituoni, kisha kiwandani, wala hayarudi tena shambani. Kikapu hukusanya tu. Kache huweka karibu kile ambacho yaelekea kitahitajiwa tena punde.

Afadhali tumtazame karani wa kituo cha kununulia majani. Tuseme daftari kuu la wakulima limo kiwandani, Litein au Mogogosiek, naye yuko kituoni na meza ndogo. Iwapo kwa kila mkulima anayefika ni lazima mtu atumwe kiwandani kuleta ukurasa wake, majani yatanyauka foleni ikingoja. Karani mwerevu huweka mezani nakala za kurasa za wanaofika mara kwa mara. Akiagiza ukurasa mmoja, huletewa na inayoufuata, maana majirani huja pamoja. Meza ikijaa, huondolewa ule ambao haujaguswa kwa muda mrefu. Prosesa nayo ikikuta mezani inachotaka, husubiri nanosekunde moja hivi. Ikikikosa ikaenda hadi kumbukumbu kuu, husubiri takriban mia moja.

Tena, kilo zilizoandikwa kwenye nakala zisipofikishwa katika daftari kuu kabla ya nakala kuondolewa, mkulima atapunjwa bonasi. Tarakilishi ina kanuni za kuzuia kosa hilo hilo, na mtoto wa mkulima hahitaji kuelezwa mara mbili uzito wake.

Maurice Wilkes wa Cambridge aliliandika wazo hili mwaka 1965. Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya Celeron isiyo na kache ya daraja la pili. Ikalalamikiwa kwa uzito wake, na mwaka huo huo ikatolewa nyingine yenye kilobaiti 128. Shule zinazonunua mashine kuukuu kwa kuuliza gigabaiti tu zingefaa kukikumbuka kisa hicho.

Nawasihi walimu wenzangu wafanye jaribio moja. Mwanafunzi aandike, kwa lugha ya C, programu ya kujumlisha jedwali lenye safu mlalo 5,000 na safu wima 5,000. Kwanza akifuata mlalo, kisha wima. Jumla itakuwa ile ile, lakini muda utatofautiana. Aachwe aeleze sababu mwenyewe kabla mwalimu hajafungua kitabu.